RISASI NZITO ZA KALE: USHAHIDI WA MIZANI NA MIPAKA YAKE

Ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi wanaolinda Wilaya ya Kasese, kuanzia vilima vya Bugoye hadi Bwera na mpaka wa Mpondwe, wanajua vyema kwamba ardhi ya huko ina kumbukumbu nyingi. Mkulima achimbapo shimo la mgomba, au vijana wakusanyapo mchanga kando ya mto Mubuku, mara kwa mara hutokea kitu ambacho hakikuota hapo. Miongoni mwa vitu hivyo ni vichwa vya risasi, na miongoni mwa vichwa hivyo kuna vingine ambavyo uzito wake humshangaza hata askari aliyekwisha kutumikia miaka mingi. Leo tunakusudia kueleza vichwa hivyo ni vya nini, jinsi ya kuvitambua, na makosa ambayo hapana budi kuyaepuka.

Tuanze na mfano, ambao tumeutunga kwa ajili ya kufundishia. Mzee mmoja wa Bugoye anachimba mtaro wa kukinga maji katika shamba lake la kahawa. Jembe linagonga kitu. Anainama, anaokota, anaendelea, na kufikia adhuhuri amepata vipande vitatu. Anavifunga katika jani la mgomba na kuvipeleka kituoni. "Afande," anasema, "shamba langu limezaa mavuno nisiyoyapanda." Askari wa zamu anaviazimia mizani ya zahanati, na mizani inatoa jibu lile lile mara tatu: gramu 31. Askari huyo anafahamu kwamba kichwa cha risasi ya bunduki ya AK-47 hakifiki hata gramu 8. Basi anakata shauri: vipande vitatu, uzito mmoja, bunduki moja, na bunduki yenye kichwa kizito mara nne kuliko cha AK haiwezi kuwa ila ya tembo. Kabla ya jua kutua, soko zima linasema kwamba Bugoye imefichwa bunduki ya ujangili, na mzee aliyeleta vipande kwa uaminifu anatazamwa kwa jicho la shaka, kwa sababu ujanani aliwahi kuwabebea wawindaji mizigo.

Askari huyo hakukosea kupima. Alikosea kuacha kupima mapema mno.

KWA NINI VILIKUWA VIZITO

Kwanza tukubaliane juu ya maneno, kwani neno "risasi" hubeba maana nyingi. Tutakapotaja kichwa, tunakusudia kile kitokacho katika mtutu na kuruka. Ganda ni kile kibakicho. Risasi nzima ni ganda, fataki, baruti na kichwa vikiwa pamoja. Na madini ya risasi ni yale madini laini, mazito, ambayo vichwa vya kale vilisubuliwa kwayo.

Mpaka miaka ya 1880 bunduki zote za vita zilitumia baruti nyeusi. Baruti hiyo ina moshi mwingi, nayo haiwezi kukisukuma kichwa kwa kasi kubwa hata ukiiongeza. Kichwa cha bunduki ya Martini-Henry, ambayo jeshi la Uingereza liliipokea mwaka 1871, kilitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 410 hivi kwa sekunde. Cha AK-47 hutoka kwa mita 715. Mafundi wa zamani, walipoona kwamba kasi haipatikani, waliitafuta nguvu katika uzito. Walitengeneza kichwa kinene na kirefu, kwa kuwa kitu kizito kikishapata mwendo hakizuiliki kwa wepesi: hupenya, huvunja mfupa, na huweza kumwangusha farasi akiwa katika mbio.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyotoa moshi mwingi, na mwaka 1886 Ufaransa ikatoa bunduki ya Lebel iliyotumia baruti hiyo. Kuanzia hapo mambo yakageuka. Kasi iliwezekana, na vichwa vikaanza kupungua unene na uzito. Nguvu ya kichwa kirukacho huongezeka kwa kadiri ya uzito, lakini huongezeka zaidi sana kwa kadiri ya kasi: ukizidisha uzito mara mbili, nguvu huwa mara mbili, ukizidisha kasi mara mbili, nguvu huwa mara nne. Ndiyo sababu kichwa cha Lee-Enfield cha gramu 11.3, kilichotoka kwa mita 744 kwa sekunde, kilikuwa na nguvu kuliko kichwa cha Martini cha gramu 31.1, ingawa uzito wake ulikuwa karibu theluthi moja tu.

Basi askari aonapo kichwa kizito mno asifikiri kwamba lazima kimetoka katika silaha yenye nguvu za ajabu. Aghalabu uzito huo ni alama ya uchanga wa ufundi wa siku zake.

PANDE TATU, UZITO MMOJA

Turudi kwenye vile vipande vitatu. Waingereza walipima vichwa vyao kwa kipimo cha kale kiitwacho greni, ambapo greni 15.4 hufanya gramu moja. Katika bunduki zao za karne ya kumi na tisa, uzito wa greni 480, yaani gramu 31.1, ulirudiwa rudiwa. Bunduki tatu zilizotofautiana kabisa zilipiga vichwa vya uzito huo huo.

Ya kwanza ni Snider. Mwaka 1866 Waingereza walichukua bunduki zao za Enfield zilizoshindiliwa kwa mdomo, wakazikata nyuma na kuzitia mlango wa kuingizia risasi. Kichwa cha Snider ni kinene, chenye kipenyo cha milimita 14.5 hivi, nacho kitakoni kina shimo lililozibwa kwa udongo wa mfinyanzi. Baruti ilipolipuka, kizibo hicho kiliusukuma ukingo wa shimo utanuke na kuushika mtutu. Baadhi ya matoleo yalikuwa na uwazi hata ndani ya ncha. Askari asidanganyike na uwazi huo akadhani kwamba ameshika risasi ya kupasuka mwilini, iliyokatazwa na tamko la The Hague la mwaka 1899. Uwazi wa Snider uliwekwa ili kuufanya mwendo wa kichwa uwe sawa hewani.

Ya pili ni Martini-Henry. Kichwa chake kina uzito ule ule, lakini ni chembamba na kirefu zaidi: kipenyo cha milimita 11.5 hivi na urefu wa zaidi ya milimita 30. Kiliviringishwa karatasi nyembamba ili madini laini yasiufunge mtutu. Kwa sababu ya karatasi hiyo, alama za mtutu juu ya kichwa cha Martini mara nyingi ni hafifu, na mtu asiyejua huweza kusema kwamba hakijapigwa.

Ya tatu ni bunduki kubwa ya kuwindia iliyotolewa na John Rigby wa London mwaka 1898, ijulikanayo kama .450 Nitro Express. Kichwa chake ni gramu 31.1 vile vile, na unene wake, milimita 11.6, unakaribiana sana na ule wa Martini. Lakini hiki kilisukumwa na baruti mpya kwa mita 655 kwa sekunde, na nguvu yake ilipita mara mbili na nusu ile ya Martini. Kwa kasi hiyo madini matupu yangeharibika, kwa hiyo kichwa kilivishwa chuma au shaba. Hii ndiyo bunduki ya tembo.

Uzito mmoja, basi, na historia tatu. Wala si askari wetu wa mfano peke yake aliyetatizwa na ulingano huo. Yapata mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku risasi za .450 zisiingizwe India na Sudan, kwa hofu kwamba zingewafaa watu waliokuwa na bunduki za Martini mikononi mwao. Watengenezaji wa silaha wakalazimika kubuni vipimo vingine, na kimojawapo ni .470, chenye kichwa cha gramu 32.4 na kipenyo cha milimita 12. Ikiwa serikali nzima ilisumbuliwa na kufanana huko, askari wa zamu mwenye mizani moja ya zahanati hana budi kuwa mwangalifu zaidi.

NANI ALIPITA HAPA

Mtu anaweza kuuliza: bunduki za miaka ya 1860 na 1870 zilifikaje chini ya mlima Rwenzori? Jibu limo katika historia ya nchi hii, na kila askari anayetumikia huko yafaa alijue.

Katikati ya mwaka 1889 Henry Morton Stanley, akirudi na Emin Pasha kutoka Equatoria, alishuka bonde la Semliki, akauzunguka mlima upande wa kusini, akafika Katwe penye ziwa la chumvi, na kupita Busongora kuelekea Ankole. Njiani watu wake walipambana na Warasura, askari wa Mfalme Kabarega wa Bunyoro, waliokuwa wakiishikilia nchi ya chumvi. Silaha kuu ya msafara ilikuwa Remington, ambazo Serikali ya Misri iliwapa zipatazo 500. Askari wa Kisudani wa Emin Pasha pia walikuwa na Remington za Misri. Kichwa cha Remington hiyo kina kipenyo kama cha Martini, lakini uzito wake ni gramu 26 hivi. Hapo mizani husaidia kweli kweli: vipande viwili vilivyolingana unene, kimoja cha gramu 26 na kingine cha gramu 31, si vya ukoo mmoja.

Mwaka 1891 Kapteni Lugard wa Kampuni ya Imperial British East Africa alikuja kutoka Buganda. Alijenga ngome Katwe, akaiita Fort George, akamrudisha Kasagama katika kiti cha Toro, kisha akavuka kwenda kwa Kavalli kuwachukua Wasudani waliobaki chini ya Selim Bey. Aliwaleta pamoja na jamaa zao, maelfu ya watu, na kuwaweka katika mlolongo wa ngome za Toro. Wasudani walikuwa na Remington zao. Watu wa Kampuni walikuwa na Snider. Kabarega naye alikuwa akipata bunduki kwa wafanyabiashara waliotoka pwani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikusudia kuzuia silaha za kisasa zisiingie katika sehemu hii ya Afrika, lakini biashara ya pembe ilikuwa imekwisha kuzifikisha nyingi.

Upande wa magharibi, ng'ambo ya mpaka wa leo, askari wa Force Publique wa Kongo walikuwa na bunduki za Kibelgiji za Albini, zenye kichwa cha milimita 11 na gramu 25 hivi. Bunduki ya Gras ya Ufaransa na Mauser ya Ujerumani ya mwaka 1871 nazo zilipiga kichwa cha gramu 25. Bunduki hizo za Mauser ndizo walizokuwa nazo askari wengi wa Kijerumani katika Afrika ya Mashariki mwaka 1914, na moshi wake mweupe uliwafichua mbele ya adui. Kwa hiyo mtu akikuta Bwera kichwa cha gramu 25, asikimbilie kutaja taifa moja.

Baada ya safu hiyo ya kwanza zikaja nyingine: askari wa Uganda Rifles wa mwaka 1895, King's African Rifles kuanzia mwaka 1902, miaka 20 ya Rwenzururu kutoka 1962 hadi mapatano ya 1982, vita vya 1979, na mapigano ya ADF yaliyoanza Mpondwe Novemba 1996. Kila kipindi kiliacha chuma chake ardhini. Tena mito ya huko haina adabu ya kuhifadhi tabaka: mafuriko ya mto Nyamwamba ya mwaka 2013 na ya 2020 yalibeba mawe makubwa kama nyumba, sembuse kipande cha gramu 31. Kilichookotwa katika mchanga wa mto kinaweza kuwa kimetoka mbali, na pale kilipolala hapathibitishi kwamba ndipo kilipopigwa.

UZITO ULIPOPUNGUA

Kuna vichwa vingine ambavyo si vinene, ila ni vizito kuliko inavyotazamiwa. Wazee wengi wa jeshi waliizoea risasi ya .303 ya Lee-Enfield. Kichwa chake kilichozoeleka, kiitwacho Mark VII, kilipokewa mwaka 1910. Kina ncha kali na uzito wa gramu 11.3. Sasa mtu akiokota kichwa cha kipenyo kile kile, cha milimita 7.9, lakini chenye ncha ya mviringo kama kidole na uzito wa gramu 13.9, anaweza kudhani kwamba ni cha kazi maalumu. Siyo. Ni kaka yake mkubwa, wa matoleo yaliyotangulia mpaka Mark VI ya mwaka 1904.

Mataifa mengine yalifuata njia hiyo hiyo. Wajerumani waliacha kichwa cha gramu 14.6 mwanzoni mwa karne ya ishirini wakachukua cha gramu 10. Warusi waliacha cha gramu 13.7 wakachukua chepesi chenye ncha kali. Hivyo, katika vichwa vyembamba vilivyovishwa shaba au nikeli, uzito mkubwa pamoja na ncha ya mviringo huashiria zaidi umri kuliko kazi.

Hata hivyo uzito ulirudi kwa sababu nyingine. Bombomu lilipoanza kutumika kupiga mbali, vichwa vyepesi vilionekana kuchoka njiani, kwani hewa huvipunguza mwendo upesi. Wajerumani wakatoa kichwa cha gramu 12.8 chenye kitako kilichochongoka, na Warusi mwaka 1930 wakatoa cha gramu 11.8 chenye ncha ya rangi ya manjano. Hapo uzito ulikuwa na kazi maalumu, yaani masafa. Na katika risasi za AK kuna kichwa cha gramu 12.5, badala ya 7.9, kilichokusudiwa kuruka polepole kuliko sauti ili kitumiwe na kizuia mlio. Ncha yake hupakwa rangi nyeusi na mshipi wa kijani. Askari akikuta kichwa kama hicho, asikitupe katika sanduku la vitu vya kale. Hilo ni jambo la kupelekwa kwa wakubwa siku hiyo hiyo.

TEMBO NA CHUMA

Tumekwisha kutaja bunduki za tembo. Tuongeze kwamba vichwa vyake huanzia gramu 26 hivi, kama vile vya .404 Jeffery na .416 Rigby, na kufikia gramu 58 katika .600. Uzito huo ulitakiwa kwa sababu fuvu la tembo ni nene na lenye mapango mapango, na kichwa chepesi kikipinda njiani hakifiki kwenye ubongo. Aghalabu vichwa hivyo vilivishwa chuma kigumu bila kuacha madini wazi kwenye ncha.

Lakini ni dhahiri kwamba uzito peke yake hauui tembo. Mwindaji W.D.M. Bell, aliyejulikana kwa jina la Bell wa Karamoja, aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 yenye kichwa cha gramu 11 tu. Alijua mahali pa kupiga. Na katika miaka ya 1970 tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, hapo hapo Kasese, walipungua kutoka maelfu hadi kufikia mamia machache mwaka 1980. Nao hawakumalizwa na bunduki za kale za Rigby, bali hasa na bunduki nyepesi za vita zilizokuwa zimezagaa mikononi mwa watu. Basi askari anayemtafuta jangili kwa kutazama uzito wa kichwa anaweza kumpita jangili mwenyewe njiani, akamkamata mzee aliyechimba mtaro.

Kazi nyingine ya uzito ni kutoboa chuma. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walipeleka bunduki za tembo huko Ufaransa ili kuvunja ngao za chuma ambazo wadunguaji wa Kijerumani walijificha nyuma yake. Kabla ya Vita Kuu ya Pili wakatengeneza bunduki ya Boys ya kupigia vifaru, yenye kichwa cha gramu 60. Bombomu kubwa za milimita 12.7 za siku zetu hupiga vichwa vya gramu 46 hadi 48 hivi. Kichwa kinene chenye ncha kali, kilichovishwa, na kinachovutwa na sumaku kwa sababu ya moyo wake wa chuma cha pua, ni cha ukoo huo wa kivita.

HATUA ZA KUFUATA

Sasa tueleze utaratibu. Kwanza kabisa, tazama bila kugusa. Ikiwa kichwa kingali katika ganda, na fataki haijagongwa, hiyo ni risasi nzima, nayo ni hatari hata ikiwa na umri wa miaka 100. Baruti nyeusi ikikauka huwaka kama siku ilipotengenezwa. Usiing'oe kwa koleo, usiigonge, usiitie motoni, wala usiiache mikononi mwa watoto. Zuia watu, andika mahali, uite wataalamu wa milipuko. Na ikiwa kitu hicho ni kikubwa kuliko kidole gumba cha mtu mzima, kichukulie kuwa ni bomu mpaka ithibitishwe vingine.

Pili, andika mahali hasa kilipopatikana: shamba gani, kina gani, pamoja na vitu gani. Kichwa kilichoondolewa mahali pake bila maandishi kimepoteza nusu ya ushahidi wake.

Tatu, usikisugue. Madini ya risasi yaliyokaa ardhini hufanya ukoko mweupe, na ukoko huo ni sumu. Kifungie karatasi safi na unawe mikono kabla ya kula.

Nne, pima uzito, kisha pima kipenyo kwenye sehemu isiyobondeka, kisha urefu. Kichwa kilichogonga jiwe hupoteza gramu moja au mbili, kwa hiyo usidai usahihi usiokuwapo.

Tano, hakikisha kwamba ni kichwa cha risasi. Wavuvi wa ziwa George na ziwa Edward hutumia vipande vya madini hayo katika nyavu. Bunduki za gobori zilipiga duara tupu: tufe la kipenyo cha milimita 17 lina uzito wa gramu 29 hivi, nalo halina kitako wala ncha. Ukitaka kujua madini, tumbukiza kipande katika bilauri yenye alama za ujazo. Gawanya uzito kwa maji yaliyopanda: jibu likikaribia 11, ni madini ya risasi, likikaribia 9, ni shaba, likikaribia 8, ni chuma.

Sita, jaribu sumaku. Kichwa cha kale cha .303, kilichovishwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, hakivutwi. Vichwa vingi vya tembo vilivyovishwa chuma huvutwa.

Saba, hesabu alama za mtutu na uangalie zinapinda upande gani. Snider ndefu ilikuwa na mifereji mitatu. Martini-Henry ilikuwa na saba, ikipinda kulia. Lee-Enfield kwa kawaida ina mitano, ikipinda kushoto. Mauser ya Ujerumani ina minne, ikipinda kulia. Usipoona alama, usizibuni.

Nane, tafuta maganda. Ganda husema wazi kuliko kichwa, kwani kitako chake mara nyingi kina herufi za kiwanda, toleo na mwaka. Ganda la Snider lilitengenezwa kwa bati la shaba lililoviringwa, likiwa na kitako cha chuma ambacho kwa kawaida kimeliwa na kutu. Maganda ya .303 huandikwa herufi kama K au RL, na tarakimu za Kirumi kama VI au VII.

HUKUMU YA VIPANDE VITATU

Tumalizie pale tulipoanzia. Tuseme askari wetu amerudi mezani na rula, sumaku na kioo cha kukuzia. Kipande cha kwanza kina milimita 14.5, ni madini matupu, na kitako kina shimo: ni cha Snider. Cha pili kina milimita 11.5, ni kirefu, laini, chenye alama hafifu: ni cha Martini. Cha tatu kina milimita 11.6, kimevishwa, na kinavutwa na sumaku: ni cha .450 ya tembo, wala hakikutengenezwa kabla ya mwaka 1898.

Kwa hiyo kuhusu kimoja kati ya vitatu soko halikukosea kabisa. Bunduki ya tembo ilipata kupigwa mahali hapo. Lakini kichwa kilichokwisha kupigwa huthibitisha tu kwamba bunduki ilipita. Hakithibitishi kwamba bunduki imefichwa, wala kwamba aliyekiokota ndiye aliyekipiga, wala kwamba alipata kuiona. Wawindaji wenye vibali na walinzi wa wanyama walitumia silaha za namna hiyo kwa miongo mingi katika nchi hii.

Basi kitabu cha kituo kiandikwe hivi: vichwa vitatu vilivyopigwa, vya bunduki tatu tofauti, vilivyoletwa kwa hiari na raia mwema, pamoja na vipimo na mahali vilipopatikana. Mzee ashukuriwe mbele ya watu wale wale waliomsema vibaya. Shukrani hiyo si adabu tu bali ni ulinzi, kwa maana siku jirani yake atakapogonga kwa jembe kitu ambacho si kichwa kitupu, kitu chenye fataki iliyo hai, tunataka aje kituoni mbio. Akikumbuka kwamba aliyeleta kwanza aligeuzwa mshukiwa, atakitupa kichakani, na mtoto atakiokota.

Mizani ni shahidi mwema, ndugu askari, lakini shahidi mmoja hatoshi. Pima, kisha pima tena. Na lile lisilojulikana liulizwe kwa wataalamu wa silaha, kwani kuuliza si ujinga.